Sanduku la Mkuu wa Posta

Haikuwa mashine. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaambia watu kwamba ilikuwa mashine, tena kwa sauti ya mtu anayezijua mashine, sauti ambayo kwa kawaida hakuna anayeibishia. Nilimwambia meneja wangu, nikamwambia mume wangu, nikaliandika hata katika makala moja ya kuchekesha kuhusu kompyuta zilivyopanda nyanda za juu. Mara ya mwisho nililisema mwezi uliopita, Makambako, nikiwa nimeketi mkekani na wanawake wenzangu siku ya tatu ya msiba wa Mzee Ramadhani. Binti yake, Mwanaidi, aliniletea kitambulisho cha kazi cha marehemu. Plastiki ilikuwa imepauka, picha ni ya mwanamume mwenye kofia na uso wa subira, na chini yake jina kwa herufi kubwa: LAMADHANI. "Shangazi," akasema, "wewe ulifanya naye kazi. Hii ilikuwaje? Baba kila tukimuuliza alikuwa anacheka tu." Nilikuwa na wali mdomoni. Nikameza, nikasema, "Mashine, mwanangu. Zilikuwa mashine za zamani." Akaitikia kwa kichwa, akakirudisha kitambulisho kwenye bahasha, nami nikajua kwamba hata mfiwa ninaweza kumdanganya bila kuweka tonge chini. Haikuwa mashine. Ulikuwa ulimi wangu, na nyuma ya ulimi ulikuwapo woga wangu, na woga ndio uliofanya sehemu kubwa ya kazi.

Kibena nilichokulia hakina R. Hili sikulijua mpaka nilipofika Chuo Kikuu, kwa sababu mtu hawezi kujua kwamba nyumba yao haina dirisha kama majirani wote nao hawana. Mwaka wa kwanza nilisimama kwenye ukumbi wa chakula kugombea uwakilishi wa bweni, nikahitimisha hotuba yangu kwa hisia: "Ndugu zangu, naomba kula zenu." Kisha mtu mmoja wa meza za nyuma akainua sahani yake ya maharage na kusema, "Njoo uchukue, dada." Nilishindwa kwa kishindo cha vijiko. Tangu siku hiyo nilijifunza kuishi bila R. Rafiki akawa mwenzangu, barabara ikawa njia, na mtu akibisha hodi sikumwambia karibu, nilimwambia pita ndani. Watu walinisifu kwa Kiswahili changu cha pekee. Nadhani ndiko uandishi wangu ulikoanzia, maana karatasi haicheki, na kwa kalamu sijawahi kukosea R hata moja.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada ya Kiswahili na Historia, nimeajiriwa kwa majaribio Njombe katika kampuni ya pembejeo ambayo ilikuwa mali ya umma na sasa ilikuwa imeuzwa. Ndiyo ilikuwa miaka ya kuuza. Kila wiki tulisikia kiwanda fulani kimepata mwekezaji, na kila aliyesikia aliuliza jambo lile lile: wamebaki wangapi? Mwekezaji wetu hatukumwona. Tuliona maagizo yake, na agizo la kwanza lilikuwa kwamba tawi la Njombe liwe na seva yake ya barua pepe, kwa sababu faksi yetu ilikuwa ikitoa karatasi nyeusi tupu kama ukaya, kile kitambaa cheusi cha kichwani. Meneja, Bwana Mligo, mtu mpole aliyevaa sweta mbili mwezi wa sita, alituita watumishi wote kumi na mmoja, akasoma neno seva mara mbili, akatutazama mmoja mmoja. "Neema ametoka Chuo Kikuu," akasema. Nikamweleza kwamba nimesomea fasihi. "Sawasawa," akasema. "Si mambo ya kuandikiana hayo hayo?"

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya dawa za kunyunyizia mahindi. Dawa zilihamishwa, harufu ikabaki. Fundi alikuja kutoka Dar es Salaam kwa siku moja na nusu, akaleta kompyuta ya rangi ya maziwa, modemu yenye taa nne nyekundu, na kitabu cha Kiingereza kinene kuliko Biblia ya kanisani kwetu. Alitetemeka kwa baridi muda wote na kuzungumza haraka ili awahi basi. Mimi niliandika katika daftari kila alichosema, pamoja na kikohozi chake. Alipoondoka kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Siku ya tatu umeme ulikatika, ukarudi, na hakuna kilichofanya kazi. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kweli. Nilifuta kila kitu na kuanza upya kwa disketi mara tano. Nilijifunza kwamba seva haiulizi unamaanisha nini. Herufi moja ikikosekana, inakuandikia mstari mmoja mweupe kwenye kioo cheusi na kunyamaza kama baba mkwe. Mara tatu kwa siku ilipiga simu Dar yenyewe: ikatoa mlio, ikakwaruza, ikazomea, kisha ikatulia, na barua zikapita, za kwenda na za kuja. Mlio ule niliuogopa kama mtoto anavyoogopa sauti ya baba akirudi, maana kila mara nilidhani leo haitatulia.

Aliyenifundisha kuusikiliza alikuwa Mzee Ramadhani. Alikuwa mtunza ghala wetu wa Makambako, mtu wa Kilwa aliyekuja huku akiendesha redio ya mawasiliano ya wasafirishaji, na kila Jumatatu alipanda Njombe kuleta taarifa za mbolea na kuchukua barua zake, kwa kuwa Makambako hakukuwa na kompyuta. Zake nilizichapa mimi. Mimi nilimwita Baba Mwanaidi. Ofisi nzima ilidhani ni adabu. Ilikuwa R. Aliketi kwenye kreti tupu, tukala viazi vya kuchemsha na chumvi, chai ikitoa mvuke kuliko kawaida kwa sababu ya baridi, naye akainamisha kichwa modemu ilipoanza kukwaruza. "Sikia, wanasalimiana," akasema. "Huyu anasema uko hapo, yule anasema niko hapa. Wakikosana, wanaanza tena. Hawana haya. Waya, binti yangu, hautaki mtu mwenye haya." Akanifundisha kanuni ya redio. Jina hulitamki tu, unalipa miji. M ya Mtwara, K ya Kilwa, L ya Lindi, R ya Rufiji. "Hata kama mvua inanyesha ndani ya waya, Lindi haiwezi kusikika Rufiji." Nilitabasamu kisomi. Nilikuwa na seva. Kanuni za redio ya malori niliona ni za watu wa zamani.

Mpaka hapo barua zote zilikuja kwa jina la tawi. Wiki iliyofuata nilitakiwa kusoma kwa simu majina ya masanduku mapya ya mtu mmoja mmoja, ili Dar wajue wamwandikie nani kwa jina gani. Simu ilikuwa moja, juu ya meza ya meneja. Yeye alikuwa amekaa, mhasibu amesimama, na upande wa pili wa waya alikuwa Bi Zena, katibu wa makao makuu, msichana mwenye kicheko cha karibu sana. Niliposema "Njombe" tu akacheka. Nikasoma. Elia, Yohana, Stefano, Neema. Jina langu mwenyewe halina L wala R, Mungu alinihurumia. Katika majina kumi na moja R ilikuwa moja tu, nami niliiona ikija kutoka mbali, kama mtu anayeona shimo akiwa tayari anateleza. "Nani? Herufi ya kwanza ni L?" akauliza Bi Zena. Sikio langu lilisikia herufi niliyoitaka. "Hiyo hiyo," nikasema. Ningeweza kusema mto, R ya Rufiji. Lakini ningelazimika kuutamka mbele ya meneja na mhasibu, nao ungetoka Lufiji, na kicheko kile kingesikika mpaka mlangoni. Leo najua kwamba hata Lufiji ingetosha. Mto ni mmoja, angeelewa.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi na baya zaidi. Kila seva lazima iwe na sanduku la mtu anayeitwa mkuu wa posta. Ni sharti la programu, na mkuu wa posta nilikuwa mimi. Fundi alikuwa ameiagiza mashine kwamba barua yenye jina lisilojulikana irudishwe ilikotoka. Mimi niliona aibu: Dar wataona Njombe inarudisha barua, watauliza nani anaisimamia. Nikabadilisha. Nikaamuru kila barua isiyo na mwenyewe iangukie kimyakimya katika sanduku la mkuu wa posta. Kwa hiyo kule Dar kila kitu kilionekana kimefika.

Mwezi wa saba likaja tangazo. Nililipokea mimi, nikalichapa, nikalibandika ukutani kwa mikono yangu. Kila mtumishi ataandikiwa barua yake mwenyewe, ya kubaki au ya kupunguzwa. Atakayepewa nafasi ajibu kwa barua pepe au kwa simu kabla ya saa tisa alasiri ya Ijumaa. Asiyejibu atahesabiwa kuwa amejiondoa. Na mtumishi atakayebainika kusoma barua isiyomhusu ataachishwa kazi mara moja. Mstari huo wa mwisho niliusoma mara nyingi kuliko ile mingine. Kuanzia siku hiyo stoo yangu ikawa kama chumba cha daktari. Watu walikuja kuota moto wa kompyuta, kwa madai yao, wakisugua viganja nyuma yake pale feni inapotoa joto. "Kamwene, Mama Posta," Stefano dereva alinisalimu kwa Kibena kila asubuhi, akiniwekea parachichi mezani. "Mwambie mashine mimi nina watoto wanne." Kupitia ukuta nilisikia sauti za koridoni: "Wanasema wenye zaidi ya miaka hamsini wote." "Nani kasema?" "Yule Mswahili wa ghala hawambakizi. Ana miaka hamsini na tatu, tena hana cheti hata cha kuosha vyombo." "Na wenye vyeti, mbona mbolea ndiyo inayowahesabu?" Wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu modemu ilikuwa imeanza kukwaruza.

Jumatano barua zilianza kushuka. Elia alipunguzwa. Stefano akabaki, akanikumbatia, akalia ndani ya sweta yangu. Yangu ilinibakiza kwa miezi sita mingine ya majaribio. Katika sanduku la Mzee Ramadhani hakukuwa na kitu. Niliangalia saa nne, nikaangalia saa nane. Ndipo nilipofungua sanduku la mkuu wa posta, ambalo kwa wiki nzima lilikuwa tupu, nikakuta barua moja. Ilikuwa kwa lamadhani. Nilijua papo hapo, kabla ya kuisoma, kwa namna ambayo mtu hujua amepotea njia kabla ya kuona kijiji kigeni. Na nikaisoma. Ndugu Lamadhani anapewa nafasi ya msimamizi wa ghala la Makambako, akikubali. Ijumaa, saa tisa. Nikaichapa, nikaikunja, nikaificha ndani ya kamusi.

Jambo la kufanya lilikuwa dogo. Ningekwenda kwa Bwana Mligo na kusema: jina lilikosewa, barua ni hii. Ni hatua kumi na nne kutoka stoo hadi mlango wake, nilizihesabu. Lakini angeuliza nani alisoma majina kwa simu. Angeuliza kwa nini barua haikurudi. Angeuliza umejuaje kilichomo. Majibu matatu, na yote yalikuwa mimi. Nikajiambia kuna njia safi zaidi. Kesho yake asubuhi nikafungua faili la majina, nikaongeza mstari mmoja wa kuiambia seva kwamba lamadhani na ramadhani ni mtu mmoja, nikikusudia kuisukuma barua ile upya, iingie kwake kana kwamba ndiyo kwanza imewasili. Ningekuwa sijasoma kitu, sijakosea kitu. Nikaiwasha seva upya. Mstari mweupe, kioo cheusi, kimya. Nikajaribu tena. Kimya. Ilipofika adhuhuri nilikuwa nimeiwasha mara tisa. Watu watatu walikuwa mlangoni wakingoja kutuma majibu yao. "Vipi, Mama Posta?" "Inapumzika," nikasema. Bwana Mligo akawapa simu yake, wakajibu kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, nami nikakaa stoo nikisikiliza jinsi ilivyo rahisi. Kosa nililiona Jumatatu iliyofuata: nilikuwa nimesahau nukta mbili katikati ya majina. Lakini sehemu ambayo hata leo inanitoa jasho ni Alhamisi jioni, nilipokuwa nikila ugali na maharage na dada niliyepanga naye chumba, nikajikuta nawaza kwa utulivu kabisa: ana miaka hamsini na tatu; labda angepunguzwa hata hivyo. Nilitafuna, nikawaza hivyo, na chakula kikashuka.

Usiku haukunipa kitu. Ijumaa asubuhi nikamwambia meneja naumwa jino, nikapanda basi la Makambako na kamusi kwenye mkoba. Sikuwa nimekuwa jasiri. Nilikuwa nimeshindwa tu kuendelea kuwa mtu wa jana jioni. Nilifika ghalani saa saba kasoro. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, meza imepangwa, simu ipo. Kwenye tundu la kuzungushia namba kulikuwa na kufuli ndogo ya shaba, kama zilivyokuwa simu zote za ofisi siku zile. Mama muuza chai wa nje akanitazama. "Unamtaka mzee? Leo Ijumaa, dada. Na ufunguo anao shingoni." Nikaketi. Sauti ya hotuba ya msikitini ilikuja kwa upepo, ikaenda, malori yakapita kuelekea Songea, na saa ya ukutani ya ghala lile ilikuwa na mshale wa sekunde uliogota kila ulipofika sita kisha ukaruka. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro robo. Nilijaribu kutunga sentensi ya kumweleza isiyo na R na isiyo na mimi. Haikuwapo.

Alikuja saa nane na dakika tano, kanzu nyeupe, akisalimiana na kila mtu kana kwamba dunia ina Ijumaa nyingi. "Neema! Huku leo?" Nikatoa barua. Akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama. Akasoma tena, kidole kikitembea sehemu ya juu kabisa, pale kwenye jina la sanduku. Kidole kikasimama.

"Hii imefika lini?"

"Jumatano."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo, Baba Mwanaidi."

"Na wewe uliiona lini?"

Nikasema, "Seva ilikufa. Ni mashine."

Alinitazama juu ya miwani. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu. "Mashine," akasema taratibu, kama anayeonja chai ya mtu mwingine. Kisha akavuta kamba shingoni, akatoa ufunguo mdogo, akafungua kufuli, akanisogezea simu. "Piga wewe. Wewe ndiye posta." Akaketi kwenye gunia la mbolea, mikono juu ya magoti, akitazama saa ya ukutani.

Mara ya kwanza laini ilikuwa na watu. Mara ya pili ikaita ikakatika. Saa nane na dakika arobaini nikasikia kile kicheko. "Njombe!" "Makambako," nikasema. "Nina jibu la mtu mmoja." "Haya, nani?" Na hapakuwa na mwenzangu wala njia wala pita ndani ya kunificha. Nilifumba macho. Nikaibana ncha ya ulimi nyuma ya meno kama nilivyojifunza peke yangu bafuni pale Chuo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mbele ya mtu, ikatoka kama ngoma: "Ramadhani. R ya Rufiji."

Karatasi zikafunuliwa upande wa pili. Zikafunuliwa tena.

"Dada, huyo hayumo."

"Yumo. Wa ghala la Makambako. R, ya Ru-fi-ji."

"Nakusikia vizuri sana, dada. R hapa sina hata moja. Nifunge orodha?"

Nikaiziba simu kwa kiganja. Nikamgeukia yule mzee, nikiwa sina sentensi hata moja, yenye R au isiyo nayo. Alikuwa ameshavua miwani. Alinitazama kwa muda ambao kwa kipimo cha saa ile huenda ulikuwa mruko mmoja wa mshale, na nikaelewa kwamba amejua kila kitu tangu kidole chake kiliposimama juu ya jina. Ile simu ya majina, kicheko, mto ambao sikuutamka, siku mbili.

"Mpe mji uliompa mwanzo, binti yangu," akasema.

"Hallo?" akaita Bi Zena. "Makambako, bado uko hapo?"

"Niko hapa," nikasema. "L ya Lindi."

"Aaa, Lamadhani! Si ungesema. Anakubali, au hakubali?"